Mbwa analala fofofo nyumbani, tukifika kwenye karavani mashambani anabweka usiku kucha. Sababu ni nini?

#1 Mgosi wa Coventry

Wakuu, salaam. Nawalenga hasa mlioko Uingereza na mnaotoka na familia kwenda kulala kwenye viwanja vya karavani huko mashambani.

Tuna karavani ya kukokota yenye vitanda vinne, mimi, mama watoto na watoto wawili. Mbwa pia wawili: Simba ni Labrador mwenye umri wake, Popi ni teria mchanganyiko. Nyumbani taa ikizimwa huwasikii hadi asubuhi.

Likizo fupi ya shule mwishoni mwa Mei tulikuwa karibu na Hawes, Yorkshire Dales, kwenye shamba la mfugaji linalopokea karavani tano tu. Pazuri mno. Kuta za mawe matupu yasiyo na saruji zinapanda mlima hadi kileleni, kondoo na watoto wao kila upande, mto Ure uko chini bondeni. Watoto waliamka wenyewe asubuhi na kutoka nje bila kuulizia intaneti.

Sasa usiku. Kuanzia kama saa sita Popi anainuka, anasimama katikati ya karavani, masikio juu, anakodolea macho sakafu. Haangalii mlango wala dirisha, ni sakafu. Anainamisha kichwa upande mmoja, kisha anaanza kubweka. Ukimtuliza ananyamaza, baada ya nusu saa anarudia. Simba anamtazama tu.

Majirani wetu walikuwa wazee wastaarabu, hawakusema neno, ila salamu za asubuhi zilikuwa fupi kuliko za jana yake. Mwenye shamba alikuja akatukumbusha kwa upole kwamba kimya kinaanza saa tano usiku hadi saa moja asubuhi.

Mke wangu anasema ni panya chini ya karavani. Mwanangu anasema mbwa anasikia baridi. Mimi naona ni ugeni wa mahali. Agosti tunataka kurudi na sitaki kumwacha kwenye nyumba ya kulelea mbwa. Wenye uzoefu, mnasemaje?

#2 Binti Likoni

Pole kaka. Akiangalia sakafu basi kuna kitu chini. Sisi Castleton, kule Derbyshire, wetu alifanya hivyo hivyo. Mume wangu akatoka na tochi, akalala chali kwenye nyasi zenye umande, akamulika: kalunguyeye! Alikuwa anamalizia chakula cha mbwa kilichomwagika kando ya ngazi. Tulipomkaribia, hakukimbia, alijikunja tu akawa mpira wa miiba. Toka siku ile bakuli za mbwa haziachwi nje usiku na mahali pa kulishia tunapafagia.

#3 Mkurya wa Leeds

Mbweha hao, hakuna kingine. Dales ni kwao. Mbweha akilia usiku ni kama mtoto anachinjwa, hata binadamu anaamka. Mbwa atanyamazaje?

#4 Mama Wawili Leicester

Mkurya, rekebisha kidogo hapo. Ile milio ya kutisha ya mbweha ni ya msimu wa kupandana, yaani Desemba hadi Februari. Mwishoni mwa Mei wana watoto wa kulisha, wanapita kimya kimya.

Mimi nadhani ni mwanga. Watu wanasahau kaskazini mwezi huo jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na ndege wanaanza kuimba hata kabla yake. Mapazia ya karavani ni membamba. Mbwa anaona kumekucha, anataka kutoka.

#5 Mgosi wa Coventry

Asante dada zangu. Mama Wawili, shida ni kwamba anaanza saa sita, giza totoro. Kalunguyeye sikumwona, lakini sikulala chali kumtafuta. Nitamulika.

#6 Fundi wa Luton

Mgosi, swali moja: pampu yako ya maji iko wapi? Ni ile ya kutumbukiza kwenye pipa la nje au imefungwa ndani?

#7 Mgosi wa Coventry

Ndani mkuu, chini ya kiti cha mbele upande wa kulia. Pipa la lita 40 liko nje kama kawaida.

#8 Fundi wa Luton

Basi nakupa sababu. Pampu ya ndani inaongozwa na swichi ya shinikizo. Ukifungua bomba shinikizo linashuka, pampu inawaka. Ukifunga, linapanda, inazima. Sasa bomba moja likivuja tone moja moja, au kiungio cha plastiki kikilegea kidogo tu, shinikizo linashuka polepole. Baada ya dakika kadhaa pampu inajiwasha yenyewe, trrr, sekunde moja, halafu kimya. Mchana huisikii kwa sababu watoto wanapiga kelele. Usiku, mbwa amelaza sikio kwenye sakafu ile ile pampu iliyofungiwa, ni kama mtu amembishia hodi chini ya kidevu.

Umesema kila nusu saa. Hiyo "kila nusu saa" ndiyo iliyonishtua. Mnyama wa porini hana ratiba.

Kabla ya kulala zima swichi ya pampu kwenye paneli ya ukutani. Haina gharama.

#9 Binti Likoni

Fundi, kalunguyeye wangu nilimwona kwa macho. Pampu ya Mgosi hujaiona.

#10 Mzee wa Kisumu Ndogo

Haya basi. Mimi nauliza swali la wengi: kwani hoteli ziliisha? Mtu anaacha nyumba yake yenye bafu, anaenda kulala ndani ya sanduku la magurudumu, anabeba maji kwa pipa na choo anakimwaga mwenyewe. Watanzania mnatuaibisha huku ughaibuni, ndugu yangu.

#11 Mgosi wa Coventry

Shikamoo mzee. Hoteli zipo, lakini watu wanne na mbwa wawili, tafuta bei kisha uje hapa. Na hakuna hoteli itakayoniruhusu kusonga ugali saa mbili usiku mlango ukiwa wazi na kondoo wanalia ng'ambo ya ukuta. Kumwaga kaseti ya choo, yaani tangi lake dogo la taka, ni kazi ya dakika tano, kuna mahali pake maalumu.

#12 Mzee wa Kisumu Ndogo

Marahaba. Kwa ugali nimekuelewa. Endelea.

#13 Nyota ya Reading

Mzee wa Kisumu, hata huyo anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutengenezewa karavani ya starehe alikwenda na mbwa. Ni Dakta William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini. Mwaka 1885 kiwanda cha mabehewa cha Bristol kilimtengenezea gari la mbao la kuvutwa na farasi wawili, akaliita Wanderer. Alisafiri nalo kutoka Twyford, hapa jirani na kwetu, hadi kaskazini Uskoti. Ndani alikuwa na kasuku mweupe wa kishungi na mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland aliyeitwa Hurricane Bob. Kwa hiyo mbwa kwenye karavani amekuwepo tangu siku ya kwanza, binadamu wengine ndio tumemkuta.

#14 Mama Wawili Leicester

Hii sikuijua. Asante Nyota.

#15 Maalim Kisauni

Assalaam alaykum. Naomba kuingiza jambo linalotugusa sisi wa pwani. Shemeji yangu ana mbwa, na mwaka huu familia nzima imealikwa kwenda naye Wales kwenye karavani. Mama mkwe wangu ameshasema haendi mahali penye mbwa. Nani ameishi hali hii ndani ya nafasi finyu namna ile?

#16 Binti Likoni

Waalaykum salaam maalim. Sisi ndio hao. Mimi Shafi'i, mbwa ni wa mume wangu aliyesilimu naye tayari. Unavyojua kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wao wanaona mbwa ni tohara. Hatujawahi kugombana, tumepanga nafasi tu. Mbwa analala kwenye lile hema la mlangoni lililoungwa na karavani. Kule mbele kwenye madirisha makubwa ndipo penye misala, mbwa hapiti kizuizi cha jikoni. Bakuli zake zina ndoo yake na kamwe haziendi kwenye sinki la pamoja la kuoshea vyombo, jambo ambalo viwanja vingi vyenyewe vinalikataza kwa kila mtu. Na kavu kwa kavu haihamishi najisi, kwa hiyo akikupitia manyoya yakiwa makavu huna haja ya kuhangaika. Mvua ndiyo mtihani.

Mama yangu mwenyewe alikuja kutoka Likoni, akakaa nasi wiki ile. Mwanzo alikuwa anakunja miguu kitini. Mwisho wa juma alikuwa anamuuliza mbwa kama ameshakula.

#17 Maalim Kisauni

Allah akubariki. Hilo la kizuizi cha jikoni nalichukua. Bado kuna hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, na mama mkwe anaishikilia. Wanazuoni wametoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, kuchunga na kulinda. Sijui huyu wa shemeji analinda nini.

#18 Mkurya wa Leeds

Analinda karavani maalim. Mpe kazi.

Narudi kwa Mgosi. Kama hataki mbweha basi namna ya kumzoesha: safari ijayo mwache Popi asafiri ndani ya karavani yenyewe huku unaikokota. Akifika atakuwa ameshaijua kila sauti yake.

#19 Fundi wa Luton

HAPANA. Mkurya, ushauri huu tafadhali usimpe mtu. Karavani inayokokotwa inarukaruka, vyombo vinahama, kukitokea breki ya ghafla mbwa anarushwa ukutani na wewe huna habari. Abiria binadamu ndani yake ni kosa kisheria kabisa. Mbwa anakaa kwenye gari, amefungwa mkanda wake au yuko kwenye kizimba, na kanuni za barabarani zinataka hivyo.

#20 Kijana wa Moshi, Slough

Wakuu samahani natoka kidogo nje ya mada. Hivi kukokota karavani si mpaka ufanye mtihani wa pili wa leseni? Mimi nilipita wa gari dogo 2015. Na spidi ni 70 kama kawaida?

#21 Fundi wa Luton

Mtihani ule ulifutwa hapa Uingereza bara tangu tarehe 16 Desemba 2021. Leseni yako ya gari dogo inakuruhusu kukokota hadi kilo 3,500. Lakini gari lako lenyewe lina kikomo chake, soma kibati cha mtengenezaji, hicho ndicho kinachokufunga. Spidi si 70. Ni maili 60 kwenye motowei na barabara pana zilizotenganishwa katikati, na 50 kwenye barabara ya kawaida nje ya mji. Motowei yenye njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa siyo yako. Vitu vizito vipange chini, juu ya ekseli, usijaze nyuma, la sivyo mkia utaanza kuyumba na utajuta.

Na waliofika karibuni: leseni ya Kenya au Tanzania inakubeba miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo huendeshi hata baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini.

#22 Kijana wa Moshi, Slough

Asante sana mkuu.

#23 Mgosi wa Coventry

Fundi, nimezungumza na mama watoto kuhusu pampu. Amenikumbusha kwamba usiku mmoja pipa liliisha maji, tukaizima pampu isiungue. Popi alibweka vilevile. Labda mara chache zaidi, hapo hatukubaliani.

#24 Fundi wa Luton

Alishafundishwa na usiku uliotangulia. Anasubiri ile trrr.

#25 Chuma cha Tanga

Nadhani mnazungukia. Uliza miguu ya pembeni. Ile minne inayoshushwa kwa mpini kwenye pembe za karavani kazi yake ni kuituliza isicheze, si kuinyanyua. Mmoja ukiwa umegusa tu nyasi bila kukaza, au ardhi ikalainika kwa mvua, ubavu mmoja unacheza. Mtu akigeuka kitandani sakafu inashuka milimita mbili. Wewe hujui. Mbwa mdogo mwenye miguu minne sakafuni anajua. Weka vipande vya mbao chini ya kila mguu, kaza, kisha mwambie mwanao aruke ndani huku wewe umeweka mkono kwenye fremu.

Pia joto likishuka usiku ngozi ya aluminiamu inajikunja, inatoa vile vi-tik, tik. Dales usiku wa Mei ni baridi baada ya jua kali.

#26 Binti Likoni

Sasa Simba mbona hasikii hayo yote?

#27 Chuma cha Tanga

Simba ni mzee, dada. Masikio yamechoka.

#28 Mgosi wa Coventry

Simba anasikia kifuniko cha chupa ya jibini kikifunguliwa gorofa ya chini.

#29 Dada Umeme, Cardiff

Habari za humu. Ninafanya kazi ya umeme. Niongeze jingine. Ukiwa umechomeka kwenye nguzo ya umeme ya kiwanjani, chaja inayogeuza umeme wa volti 230 kuwa 12 inafanya kazi muda wote. Aina nyingi zinatoa mluzi mwembamba. Binadamu kijana anaishia kusikia mitetemo 20,000 kwa sekunde, mbwa anafika karibu 45,000. Chaja nyingi zimefungwa chini ya kiti au kabati, yaani usawa wa mbwa. Na usiku betri ikishajaa chaja inabadilisha mwendo wake, inawaka na kupumzika. Jaribu usiku mmoja bila nguzo, taa zitumie betri.

Nyumbani kwenu chaja kama hiyo haipo. Hiyo ndiyo tofauti.

#30 Fundi wa Luton

Dada hapa umenipa cha kufikiri. Ila nyumbani ana televisheni, ruta, jokofu, vyote vinapiga mluzi.

#31 Dada Umeme, Cardiff

Alizaliwa navyo.

Kwa kuwa tumefika kwenye umeme: wageni wa karavani, angalieni nguzo yenu inatoa ampea ngapi. Ya 10 ni wati 2,300, ya 16 ni kama 3,680. Birika la nyumbani la wati 3,000 kwenye nguzo ya ampea 10 linaweza kukata swichi, na pengine swichi yenyewe iko kwenye kisanduku alichokifunga mwenye shamba aliyelala. Nunueni birika dogo la safari.

#32 Mkurya wa Leeds

Ndiyo maana sisi tunawasha jiko la mkaa. Umeme wa nini? Nyama choma jioni, na baridi ikizidi jiko lile lile unalisogeza ndani ya hema la mlangoni, mbwa na watoto wote wanalala na joto. Labda Popi kweli anasikia baridi kama alivyosema kijana wa Mgosi.

#33 Nesi wa Wolverhampton

Mkurya ndugu yangu, nakuomba kwa heshima zote uache leo hii. Mkaa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Mtu anahisi kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi, analala, haamki. Jiko linaloonekana limezimika, majivu meupe juu, bado linaitoa kwa saa nyingi. Hema lililofungwa zipu na kuungwa na karavani linaipitisha moja kwa moja hadi vitandani. Kila mwaka idara za zimamoto hapa zinarudia onyo hili na bado watu wanakufa kambini.

Nyumbani tulikulia na jiko la mkaa ndani na wengi tulipona kwa sababu paa lilikuwa na upenyo na mlango haubani. Karavani haiko hivyo. Jiko libaki nje, mbali na turubai, hadi asubuhi. King'ora cha kaboni monoksidi ni bei ya kilo chache za nyama. Na mbwa mdogo kama Popi ataathirika kabla yako.

#34 Mkurya wa Leeds

Nimesikia nesi. Nimetoka kununua king'ora.

#35 Nesi wa Wolverhampton

Mungu akubariki.

#36 Mama Wawili Leicester

Nilitaka kusema jambo hilohilo, nesi amelimaliza. Kuhusu baridi, Mgosi: mtungi wako wa gesi ni wa bluu au mwekundu? Wa bluu ni butani, joto likikaribia sifuri unagoma. Mwekundu ni propani, unafanya kazi hata barafu ikianguka. Kwa Mei ya Dales na watoto, mwekundu.

#37 Mtunza Mbwa, Milton Keynes

Nimesoma uzi mzima. Ninalea mbwa wa watu kwa kazi. Naona wote mnatafuta sauti, hakuna aliyetaja pua. Kiwanja kile kimepitiwa na mbwa wa kila familia iliyolala pale msimu mzima. Kila nguzo ya maji, kila gurudumu, ni barua. Chini ya karavani yako, kwenye nyasi zilezile, jana kulikuwa na karavani nyingine na mbwa mwingine, na sakafu yako ina matundu ya kupitisha hewa kwa ajili ya gesi, ambayo kwa kanuni za usalama hayazibwi. Harufu inapanda kupitia hapo. Usiku hewa imetulia, inapanda zaidi. Teria ameumbwa kufukua kilicho chini ya ardhi. Anakodolea sakafu kwa sababu hiyo.

Cha kufanya: mkifika, kabla hata ya kukunjua hema, mtembeze kwa kamba pembezoni mwa kiwanja chenu chote, taratibu, anuse hadi achoke. Mpeleke blanketi lake la nyumbani bila kulifua. Na wiki mbili kabla ya safari egesha karavani mlangoni kwenu, ale chakula cha jioni mle ndani, alale mchana mle ndani. Akibweka nyumbani pia, basi ni karavani. Asipobweka, ni mahali.

#38 Binti Likoni

Hapo kwenye matundu umenifungua macho. Na kalunguyeye harufu yake inapanda hapohapo.

#39 Mtunza Mbwa, Milton Keynes

Inapanda, naam. Simpingi kalunguyeye wako.

#40 Fundi wa Luton

Kuegesha mlangoni ni kipimo kizuri, lakini aegeshe na pampu ikiwa imejaa maji na imewashwa. La sivyo kipimo hakijapima kitu.

#41 Dada Umeme, Cardiff

Na imechomekwa umeme.

#42 Chuma cha Tanga

Na juu ya zege miguu haichezi, kwa hiyo haitasema lolote kuhusu mimi.

#43 Mkulima wa Bannau

Ninaishi Wales, jirani zangu ni wafugaji wa kondoo, naomba mnisikilize hata kama siyo swali la Mgosi. Amesema kondoo na watoto wao wako kila upande. Huko mbwa haachiwi kamba hata dakika moja, hata kama ni mpole kiasi gani. Kuna sheria tangu 1953: mbwa akiwakimbiza kondoo mwenye mbwa ana kosa, hata asipowauma. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa tu anaweza kuharibu mimba. Na sheria ya 1971 inampa mfugaji kinga akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo, pale ambapo hana njia nyingine. Kwenye ardhi ya wazi ya Uingereza na Wales, tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Julai kamba fupi ni lazima, na karibu na mifugo ni mwaka mzima.

Mmoja wetu hapa alikuwa anatembea na mbwa wake kando ya zizi, mlango wa chuma ukawa wazi kidogo. Sekunde chache tu. Nilimwona mfugaji jioni ile amepiga magoti kwenye nyasi, anamshonea kondoo shingo kwa uzi, mkewe ameshika taa. Hakupiga kelele wala kulaani mtu. Siku nyingine nikisikia mtu anasema "wangu hadhuru", namkumbuka yule mama na taa.

#44 Mgosi wa Coventry

Asante sana Mkulima. Wetu wanakaa kwenye kamba ndefu iliyofungwa kwenye kigingi, na matembezini kamba fupi. Nitawasomea watoto ulichoandika.

#45 Nyota ya Reading

Na ng'ombe? Tulifuatwa na ng'ombe wenye ndama, nikamkumbatia mbwa nikakimbia naye.

#46 Mkulima wa Bannau

Hapo ni kinyume. Ng'ombe mwenye ndama anamtaka mbwa, hakutaki wewe. Wakikusogelea kwa kasi mwachie kamba, mbwa ana mbio kuliko wao, nawe tembea upesi kwenda kwenye geti. Ushauri rasmi wa mashambani unasema hivyohivyo.

#47 Mzee wa Kisumu Ndogo

Nimeanza kuona mnavyofaidi. Swali: Uskoti pakoje kwa hizi karavani? Mke wangu anapapenda kwenye picha.

#48 Mama Wawili Leicester

Mzee, nyanda za juu magharibi ni paradiso, ila kati ya Mei na Septemba kuna visubi. Jioni isiyo na upepo wanashuka kama moshi, wanaingia masikioni mwa mbwa. Chagua kiwanja chenye upepo, ufukweni. Na kila jioni papasa mbwa na watoto kutafuta kupe: nyuma ya masikio, makwapani, katikati ya vidole. Mng'oe kwa kikulabu chake, usimpake mafuta wala kumchoma. Baadaye ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi ya mtu, nenda kwa daktari.

#49 Shangazi wa Bradford

Nimechelewa, nisameheni. Mgosi mwanangu, karavani uliinunua mpya?

#50 Mgosi wa Coventry

Shikamoo shangazi. Hapana, ilikuwa imetumika. Ya mama mmoja mstaafu.

#51 Shangazi wa Bradford

Marahaba. Muulize kama alikuwa na paka. Mkojo wa paka ukiingia chini ya zulia, kwenye mbao, wewe hutausikia miaka mitatu. Unyevu wa usiku na hita vikikutana unaamka.

#52 Mtunza Mbwa, Milton Keynes

Shangazi ana hoja. Ila asingebweka sana kwa mkojo wa zamani, angekojoa juu yake.

#53 Mgosi wa Coventry

Amewahi. Mara moja, pembeni mwa kabati. Mke wangu alidhani ni Simba.

#54 Fundi wa Luton

Kabati lipi? Lililo karibu na pampu?

#55 Dada Umeme, Cardiff

Au karibu na chaja?

#56 Mgosi wa Coventry

Jamani, vyote viko upande ule ule.

Nimeamua hivi. Jumamosi hii nafungua zulia, naosha mbao kwa dawa ya vimeng'enya. Kisha karavani inakaa mlangoni, maji yamejaa, umeme umechomekwa, Popi anakula mle. Agosti nikifika Hawes nazima pampu usiku wa kwanza, usiku wa pili chaja, na mbao chini ya miguu tangu mwanzo kwa heshima ya Tanga. Tochi ninayo kwa ajili ya Binti Likoni.

#57 Chuma cha Tanga

Ukifanya yote kwa pamoja hutajua lililoponya.

#58 Mke wa Mgosi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Sisi tunataka kulala tu, kaka. Tukijua lililoponya ni ziada. Na bado nasema ni panya.

#59 Maalim Kisauni

Karibu sana dada. Mimi mama mkwe amekubali kuja Wales kwa sharti mbwa alale kwenye hema. Naomba nijue, hivi vishamba vya karavani tano mtu yeyote anapokelewa?

#60 Mgosi wa Coventry

Maalim, vingi viko chini ya vyama viwili vikubwa, Caravan and Motorhome Club na Camping and Caravanning Club, na mara nyingi unatakiwa uwe mwanachama. Ukishajiunga unampigia mkulima mwenyewe. Mwambie mapema idadi ya mbwa, maana wengine wanapokea mmoja tu kwa karavani, na uliza kama kuna mifugo kwenye kiwanja kilekile au ng'ambo ya ukuta. Choo cha pamoja mara nyingi hakuna, kwa hiyo mweleze mama mkwe kuhusu kaseti kabla hamjaondoka.